Mikia Katika Tope: Je, Mvua Ndiyo Iliyoamua Vita vya 1916 Kondoa na Dodoma?

MTAALAMU WA HALI YA HEWA: Jeshi lililovamia nyanda za kati za nchi ambayo leo ni Tanzania mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, lilisimamishwa na mvua kabla ya kusimamishwa na risasi, na tarehe zenyewe zinatosha kuonesha hivyo. Mwanzoni mwa Aprili, Jenerali Jaap van Deventer, akiwa chini ya amri ya Jenerali Jan Smuts aliyeongoza majeshi ya Uingereza dhidi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, aliondoka Arusha na wapanda farasi wa Afrika Kusini, akauteka mlima wa Lolkisale na chemchemi zake, akapita Ufiome, na tarehe 19 Aprili akaushika mji wa Kondoa Irangi. Shabaha ilikuwa Dodoma, kilomita zipatazo 160 upande wa kusini, kwa kuwa hapo ilipita Reli ya Kati iliyowalisha na kuwasafirisha Wajerumani kati ya Dar es Salaam na Kigoma. Hata hivyo Dodoma haikutekwa hadi tarehe 29 Julai, yaani siku 101 baada ya Kondoa. Masika ndiyo yaliyomfunga van Deventer mahali pale: makorongo, yale mapito ya maji ambayo wakati wa kiangazi huwa mchanga mtupu, yaligeuka mito, udongo mweusi wa mbuga, ambao ni ufinyanzi unaovimba ukilowa na kunata kama gundi, ulimeza magurudumu ya magari, na farasi wakafa kwa mamia.

MWANAHISTORIA WA VITA: Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ya mwezi wa Machi katika nchi hii hayajawahi kumficha mtu nia yake. Ndugu Mtaalamu anachanganya mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa. La kwanza ni msimu, ambao hujirudia kila mwaka na hujulikana na kila mkulima. La pili ni hali ya hewa iliyopindukia, yaani tukio linalovuka mipaka ya msimu wenyewe, kama gharika au ukame mkubwa. Masika ya Aprili ni jambo la kundi la kwanza. Watu wa pwani walipigana kwa kufuata misimu karne nyingi kabla ya Smuts: Waarabu wa Oman walipoizingira Ngome ya Yesu mjini Mombasa kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, Wareno waliokuwa ndani walijua ni miezi gani pepo zingeruhusu merikebu za msaada kuja kutoka Goa, koloni lao huko India, na ni miezi gani zisingeruhusu, na waliowazingira walijua vilevile. Hakuna mwenye akili anayesema kwamba ngome ile iliangushwa na kaskazi au kusi, kwa sababu pepo hizo zilikuwa kalenda iliyosomwa na pande zote mbili. Smuts naye alikuwa na kalenda, akachagua kutuma farasi wakati masika yanabisha hodi, na aliyechagua mwenyewe hana haki ya kuisingizia mvua.

MTAALAMU WA HALI YA HEWA: Kalenda huwa moja pale nchi inapokuwa na tabia moja, na hapa hazikuwa nchi za tabia moja. Mvua za Afrika Mashariki huletwa na ukanda mvua, yaani mstari ambao pepo za kaskazini na pepo za kusini hukutana na kuinua unyevu, na mstari huo hulifuata jua likienda kusini na kurudi kaskazini. Moshi na Arusha hupitiwa mara mbili, hivyo huwa na vuli mwishoni mwa mwaka na masika kati ya Machi na Mei. Ugogo, yaani nchi ya Wagogo inayozunguka Dodoma, hupata msimu mmoja tu, unaoanza karibu na mwisho wa Novemba na kukoma Aprili, wenye wastani wa mvua usiofika hata milimita 600 kwa mwaka mzima. Smuts alikuwa ameelezwa kwamba masika yangekuwa makali kuzunguka Kilimanjaro na Arusha, lakini magharibi na kusini yasingezuia sana shughuli za kijeshi. Taarifa hiyo, ikitazamwa juu ya ramani, haikuwa ya kipumbavu, kwa sababu van Deventer alikuwa akitoka katika nchi inayoanza kunyeshewa na kuelekea katika nchi inayokaribia kukauka. Kilichosahauliwa ni kwamba jeshi halinyeshewi pale lilipopiga kambi tu, bali hunyeshewa katika urefu wote wa njia inayolilisha. Hata kama mbingu za Kondoa zingekuwa nyeupe, unga wa askari ulikuwa bado unatoka Moshi, na Moshi ilikuwa ndani ya maji.

MWANAHISTORIA WA VITA: Maelezo hayo ni sahihi, lakini yanathibitisha kosa la hesabu la makao makuu na hayathibitishi ushindi wa mvua. Tena, kama mvua ni mshiriki wa vita, basi na aandikwe pia kwa yale aliyowatendea wavamizi mema. Van Deventer aliifikia Kondoa kwa haraka kwa sababu Wajerumani hawakutarajia jeshi kubwa kupita njia ile wakati ule, na kikosi chao cha Lolkisale kilisalimu amri kikiwa mbali na msaada wowote. Mshangao huo ulikuwa zawadi ya masika. Kisha masika hayohayo yakamzawadia adui. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alipoona kwamba Smuts amekwama upande wa Kilimanjaro, alipata nafasi ya kuondoa sehemu kubwa ya jeshi lake huko kaskazini, akalipeleka hadi kwenye Reli ya Kati, akalipakia kwenye treni mpaka Dodoma, na kutoka Dodoma likatembea kwenda kuikabili Kondoa. Reli ni njia isiyonata. Kwa hiyo mvua ilimsaidia mmoja kufika na mwingine kumzuia aliyefika, na shahidi anayetoa ushahidi kwa pande zote mbili hawezi kuitwa hakimu.

MTAALAMU WA HALI YA HEWA: Ndugu Mwanahistoria amekwisha kusema mwenyewe kile anachokikataa, kwa maana amekiri kwamba mwenye reli hakuguswa na mwenye kutegemea barabara aliguswa. Hilo ndilo linalodaiwa hapa: mvua haikuwaadhibu wote sawa, na tofauti hiyo ndiyo iliyougeuza mwendo wa vita. Ugumu wake unaonekana vizuri zaidi katika mzigo wa mtu mmoja. Na achukuliwe, kwa mfano wa hesabu tu, mpagazi anayebeba kilo 25 za unga kichwani na kula kilo moja kila siku. Ikiwa kambi iko umbali wa siku 6, atakula kilo 12 katika kwenda na kurudi, na atafikisha kilo 13. Mvua ikipunguza mwendo wake kwa nusu, safari itakuwa ya siku 12 kwenda na 12 kurudi, atakula kilo 24, na kitakachofika kambini ni kilo moja. Mwendo umepungua kwa nusu, lakini chakula kilichofika kimepungua mara 13. Jeshi lililokwama Kondoa lilikuwa linaishi ndani ya hesabu hiyo. Hakuna jenerali, awe hodari kiasi gani, anayeweza kuibatilisha kwa amri.

MTAFITI WA HISTORIA YA UGOGO: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wasomi hawa wawili wamebishana kuhusu mzigo bila kumtazama aliyeubeba. Hesabu ya Ndugu Mtaalamu inafunga vizuri kwa sharti moja, kwamba mpagazi analishwa kilo yake kila siku. Majeshi yalipobanwa, sharti hilo ndilo lililovunjwa kwanza. Posho ilipunguzwa, mwili wa mpagazi ukawa ndio ghala la mwisho la jeshi, na safari iliyoonekana haiwezekani katika karatasi ikawezekana kwa sababu mtu alitembea na njaa mpaka akaanguka. Kumbukumbu za upande wa Waingereza zinahesabu vifo vya wapagazi katika vita hivyo vyote kuwa takriban 95,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa magonjwa na udhaifu, wala si kwa risasi. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, limebaki Dar es Salaam, ambako kambi yao iligeuka kuwa soko na mtaa wa Kariakoo, na anayenunua nyanya pale leo analitamka jina la jeshi la wapagazi pasipo kujua. Kwa hiyo kusema kwamba amri haiwezi kubatilisha hesabu ya mvua ni kusema nusu ya ukweli. Amri iliibatilisha kila siku, na gharama ikaandikwa kwa mtu ambaye jina lake halikuandikwa.

MWANAHISTORIA WA VITA: Ushahidi huo unaongeza uzito upande wa maamuzi ya wanadamu, na unapaswa kuunganishwa na tarehe ambazo Ndugu Mtaalamu alizitanguliza. Usiku wa tarehe 9 Mei, Lettow-Vorbeck aliishambulia Kondoa akiwa na watu wapatao 4,000. Mashambulizi yalirudiwa mara kadhaa hadi kabla ya mapambazuko, na kila mara yalirudishwa, kwa sababu vikosi vya askari wa miguu vilivyotembea kutoka Moshi vilikuwa vimewasili siku chache tu kabla na kuchimba mahandaki juu ya vilima. Askari hao walikuja kwa miguu yao katika tope lilelile linalosemekana kuwa halipitiki. Baada ya hapo majeshi mawili yakatazamana kwa wiki nyingi, na jambo linalopaswa kuzingatiwa ni kwamba msimu wa mvua wa Kondoa ulikuwa umekwisha. Juni ni kiangazi, na makorongo yamerudi kuwa mchanga, lakini van Deventer bado yupo palepale. Kilichomfungulia njia ni Smuts kuanza kuteremka bonde la Pangani mwishoni mwa Mei, jambo lililomlazimu Lettow-Vorbeck kuondoa watu wake mbele ya Kondoa ili wasizungukwe. Siku 101 zinazowekwa mlangoni kwa masika zina zaidi ya nusu ambazo masika hayakuwepo.

MTAALAMU WA HALI YA HEWA: Mvua haikomi siku inapoacha kunyesha. Farasi wa van Deventer hawakufa kwa kuloa. Walikufa kwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoletwa na virusi vinavyobebwa na usubi, wadudu wadogo wanaozaliana kwa wingi katika unyevu, na pia kwa nagana inayoenezwa na mbung'o walioko katika mapori ya njia ile. Askari waliodhoofishwa na malaria na kuhara damu katika masika hawakupona kwa sababu kalenda imefungua ukurasa wa Juni. Magari yaliyoharibika, maghala yaliyobaki tupu na wapagazi waliopotea vilihitaji wiki nyingi za ukavu kurudishwa. Maji yana mkia mrefu, na wanahistoria wengi hukata mkia huo kwa kuwa hutazama siku ya mvua na kusahau mwezi unaoifuata. Hata kikosi kilichoshinda tarehe 9 Mei hakikuwa na farasi wa kutosha kumfuatia aliyeshindwa, na kwa sababu hiyo ushindi wa usiku mmoja haukuzaa chochote.

MWANAHISTORIA WA VITA: Kutangulia si kufika, na lawama ni ya aliyetangulia pasipo kujiandaa kufika. Inafaa hapa kulitazama tukio ambalo wengi huliona kuwa mfano mkuu wa hali ya hewa kuangamiza wavamizi. Napoleon Bonaparte aliingia Urusi Juni 1812 na jeshi kubwa kuliko lolote ambalo Ulaya ilikuwa imeliona, na mwanzoni mwa Desemba alitoa taarifa kwa umma wa Ufaransa iliyoitupia baridi lawama ya maangamizi. Taarifa hiyo ilificha jambo ambalo maofisa wake walilijua, kwamba sehemu kubwa ya jeshi ilikuwa imekwisha kupotea kabla theluji ya kwanza haijaanguka, katika joto la kiangazi, kwa njaa, kwa homa ya chawa na kwa utoro, kwa sababu mikokoteni ya chakula haikuweza kuifuata kasi ya askari. Baridi ilikuja kumalizia na ikapewa sifa ya kazi yote. Katika historia ya vita hakuna mshitakiwa anayefaa kama hewa, kwa kuwa haijitetei.

MTAALAMU WA HALI YA HEWA: Mfano huo una jibu lake katika mfano mwingine. Mwaka 1281 merikebu za Wamongolia zilizokwenda kuivamia Japani ziliangamizwa na tufani, yaani dhoruba kubwa ya bahari ya joto, na hakuna hesabu ya posho inayoweza kulielezea tukio hilo bila kuitaja tufani yenyewe.

MWANAHISTORIA WA VITA: Hata huko, Wajapani walikuwa wamejenga ukuta wa mawe kandokando ya Ghuba ya Hakata baada ya uvamizi wa 1274, na ukuta huo uliwazuia Wamongolia kushuka na kujikita nchi kavu, hivyo wakabaki majini kwa wiki nyingi hadi tufani ikawakuta. Upepo uliwapiga watu waliokuwa wamezuiliwa mahali pa kupigwa.

MTAALAMU WA HALI YA HEWA: Na bila upepo huo, ukuta ungekuwa umewachelewesha tu. Anayeutaja ukuta bila tufani ana simulizi ya kuchelewa, na anayeitaja tufani bila ukuta ana simulizi ya muujiza. Lakini irudiwe Afrika Mashariki, kwa sababu masika ya Aprili 1916 si hoja pekee. Mwanzoni mwa 1917 majeshi ya Uingereza yalikuwa yamefika mto Rufiji, na Smuts alikuwa akijiandaa kwenda London, ambako alitoa picha ya kazi iliyokwisha. Mwezi huohuo wa Januari mvua zilianza kunyesha kwa nguvu mapema kuliko ilivyotazamiwa, Rufiji ikafurika na kuenea nchi nzima ya bondeni, na vikosi, wakiwemo askari waliotoka Nigeria, vikabaki ng'ambo vikiishi kwa posho iliyokatwa. Hilo halikuwa msimu uliosomwa vibaya. Lilikuwa tukio la kupindukia kwa maana ileile ambayo Ndugu Mwanahistoria aliiweka mwanzoni. Vita vilivyotangazwa kuwa vinakaribia mwisho viliendelea hadi Lettow-Vorbeck aliposalimu amri huko Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.

MTAFITI WA HISTORIA YA UGOGO: Hapa ndipo swali lenyewe linapopaswa kugeuzwa. Wasomi hawa wanauliza kama hewa iliamua matokeo ya uvamizi, na kwao matokeo ni nani aliuchukua mji wa Dodoma na lini. Kwa Wagogo, waliokuwa wenye nchi, kubadilika kwa bendera juu ya stesheni ya reli tarehe 29 Julai hakukuwa matokeo. Matokeo yalikuja baadaye na yalipewa jina la Mtunya, yaani kinyang'anyiro. Ni njaa iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920, ambayo makadirio yanayokubaliwa na wanahistoria yanasema iliua watu wapatao 30,000 kati ya 150,000, yaani mtu mmoja katika kila watano. Vitabu vingi vya vita vinamaliza habari za Dodoma kwa sentensi moja ya kutekwa kwake. Jeshi lililochukua siku 101 kufika linaandikiwa sura nzima, na njaa iliyochukua miaka mitatu inaandikiwa tanbihi.

MTAALAMU WA HALI YA HEWA: Katika Mtunya, mvua zilishindwa kweli. Nchi yenye msimu mmoja haina nafasi ya pili, kwa kuwa mtama na uwele visiponyeshewa kati ya Desemba na Machi, hakuna vuli itakayokuja kuokoa. Ukame huo haukuamriwa na Mjerumani wala Mwingereza.

MTAFITI WA HISTORIA YA UGOGO: Ukame haukuamriwa, lakini njaa iliandaliwa. Ugogo ilikuwa imezoea miaka mibaya tangu kale, na ilikuwa na bima yake, nayo ni ng'ombe. Mvua ikikosa, ng'ombe alibadilishwa kwa nafaka kwa majirani waliopata mavuno, na mwenye kundi kubwa aliligawa kwa ndugu na marafiki walioishi mbalimbali ili ukame wa mahali pamoja usimmalize. Hiyo ndiyo njia iliyokatwa. Majeshi ya Wajerumani yalipokuwa yakirudi nyuma yaliswaga maelfu ya ng'ombe, na Waingereza waliofuata wakachukua wengine, pamoja na nafaka iliyokuwa katika vilindo, yale maghala ya magome ya miti ndani ya tembe, nyumba za Wagogo zenye paa bapa la udongo. Wakachukua pia wanaume wa kubeba mizigo, na shamba la uwele ambalo halikupaliliwa Januari halitoi chakula Juni hata likinyeshewa vema. Ukame ulipokuja ulikuta nyumba isiyo na ng'ombe, isiyo na akiba na isiyo na mikono. Ikisha kuwa hivyo, kuandika kwamba watu waliuawa na ukame ni kuandika jina la aliyefika mwisho.

MWANAHISTORIA WA VITA: Kwa sehemu kubwa hoja hiyo inaafikiana na iliyotolewa kuhusu Napoleon, lakini inafika mahali inapovuka mpaka. Lawama zote zikikusanywa na kuwekwa mikononi mwa makamanda, watakuwa wamepewa uwezo ambao hawakuwa nao. Lettow-Vorbeck alichukua ng'ombe ili askari wake wale, na van Deventer vivyo hivyo, na hakuna kati yao aliyejua kwamba mvua za miaka iliyofuata zingekosa. Tendo la kikatili na tendo lenye madhara yasiyoonekana kabla si kitu kimoja, na historia isiyotofautisha hayo mawili hugeuka kuwa hati ya mashitaka. Maeneo mengine ya nchi yalinyang'anywa pia na hayakufikia vifo vya kiwango hicho. Tofauti lazima ielezwe, na sehemu mojawapo ya maelezo hayo ni mvua.

MTAFITI WA HISTORIA YA UGOGO: Kutojua si utetezi katika nchi ambayo kila mtoto alijua kwamba mvua hukosa. Ndugu Mwanahistoria mwenyewe alimhukumu Smuts kwa kigezo hicho aliposema kwamba mawingu ya Machi hayamfichi mtu nia yake. Ikiwa jenerali anapaswa kuujua msimu anapopeleka farasi wake, anapaswa pia kuujua anapochukua ng'ombe wa watu. Ugogo ya zamani ilikuwa na kanuni kali zaidi ya hiyo. Mtemi, kiongozi wa nchi na wa mambo ya ibada, alitunza mawe ya mvua, na mvua zilipokosa yeye ndiye aliyetazamwa, yeye ndiye aliyetakiwa kutafuta chanzo na kutengeneza. Mtu wa leo anaweza kutabasamu kwa habari ya mawe, lakini kanuni iliyokuwa ndani yake ni nzito: anayetawala nchi hawezi kujitoa kwa kusema kwamba mvua haikunyesha. Watawala waliokuja na reli na bunduki waliichukua nchi na kuuacha wajibu huo.

MWANAHISTORIA WA VITA: Kanuni ya mtemi ni nzuri kwa utawala, lakini kwa uchunguzi ina hatari zake. Inamtafuta mtu wa kuwajibika hata pale ambapo hakuna aliyefanya kitu.

MTAFITI WA HISTORIA YA UGOGO: Hatari iliyo kinyume chake ni ya zamani zaidi, nayo imo katika jina la mji wenyewe. Simulizi mojawapo inayojulikana sana kuhusu asili ya jina la Dodoma inasema kwamba Wagogo fulani waliiba ng'ombe wa jirani zao Wahehe, wakawachinja na kuwala, kisha wakaichomeka mikia katika tope la kijito. Wenye mali walipokuja kuwatafuta ng'ombe wao walioneshwa mikia ile na kuambiwa neno moja, *idodomya*, maana yake wamezama. Inafaa kusemwa kwamba katika simulizi hiyo wenye hila ni Wagogo wenyewe, na wameisimulia wao wenyewe vizazi kwa vizazi, pengine kwa sababu wanaifahamu vizuri hila ya kulitupia tope lawama ya kilicholiwa na watu. Taarifa ya Napoleon kuhusu baridi ni mkia. Masika ya 1916 katika vitabu vya majenerali ni mkia. Na ukame wa Mtunya, pale unapotajwa peke yake, ni mkia uliochomekwa juu ya watu 30,000.

MTAALAMU WA HALI YA HEWA: Kuna simulizi nyingine ya jina hilohilo, isiyo na wizi wala hila, inayosema kwamba tembo alikwenda kunywa maji kijitoni akazama, na waliomkuta wakasema neno hilohilo. Wanaosimulia ya kwanza wakumbuke kwamba hila ile ilifaulu kwa sababu tope lilikuwa la kweli. Hakuna mwenye ng'ombe ambaye angekubali kudanganywa kwa mikia iliyochomekwa juu ya mwamba. Wahehe walisita kwa kuwa walijua, kama kila mfugaji wa nyanda hizi anavyojua, kwamba mbuga iliyolowa inaweza kweli kummeza ng'ombe mzima.

MWANAHISTORIA WA VITA: Ikiwa ni hivyo, ushahidi wa mkia peke yake hautoshi kwa upande wowote. Unaonesha mahali pa kuanzia kuchimba, na uchimbaji wenyewe hufanywa kwa tarehe, kwa hesabu za posho na kwa orodha za ng'ombe waliochukuliwa.

MTAFITI WA HISTORIA YA UGOGO: Mwenye ng'ombe alipooneshwa mikia, jambo la kwanza alilopaswa kufanya ni kuukamata mmoja na kuuvuta.

MTAALAMU WA HALI YA HEWA: Na auvute. Lakini ajue kwamba katika nchi hii kuna nyakati ambapo ng'ombe yumo kweli.